Insha Isiyorudi kwa Mwandishi Wake

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na kelele zake zikishatulia, Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake taarifa ambazo wengi wetu hatujawahi kuzifungua. Ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na kila somo lina yake. Ile ya Kiswahili, somo namba 021, huandikwa kwa Kiswahili, na mtu wa fasihi akiisoma hachelewi kugundua kwamba ameshika kitabu cha uhakiki. Kina matini, kina nukuu, kina hukumu na sababu za hukumu. Tofauti yake na vitabu vingine vya uhakiki ni kwamba waandishi wanaohakikiwa humo hawana majina, wengi wao ni vijana waliomaliza shule juzi tu, na ni vigumu kwa yeyote kati yao kujua kwamba amehakikiwa.

Ninasoma shahada ya uzamili, na jioni tatu kwa wiki ninafundisha Kiswahili kwenye kituo cha watu wanaorisiti huko Mbagala, wilayani Temeke. Kwa sababu ya kazi hiyo nimekaa na taarifa hizi muda mrefu kuliko nilivyokaa na riwaya nyingi. Nataka kuzihakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote, nikiwa na swali moja: je, zinamsaidia mwandishi mchanga kuona kwa macho yake mwenyewe kama alichoandika kinafaa?

Tuanze na muundo. Taarifa huenda swali kwa swali. Swali linanukuliwa, lengo lake linaelezwa, kisha tunaambiwa ni asilimia ngapi ya watahiniwa walifanya vizuri, wastani au vibaya. Kuna rangi tatu: kijani kwa ufaulu wa asilimia 65 hadi 100, njano kwa 30 hadi 64, nyekundu kwa 0 hadi 29. Baada ya takwimu zinakuja sababu, na baada ya sababu vinakuja vielelezo: picha za majibu yenyewe, kwa mwandiko wa mtahiniwa, na maneno yaliyokatwa na kalamu yake.

Vielelezo hivyo ndivyo moyo wa taarifa, na sijui mahali pengine nchini ambapo maandishi ya kijana wa kawaida wa kidato cha nne huchapishwa na kujadiliwa kwa uzito namna hiyo. Magazeti hayana nafasi naye. Mashindano ya uandishi humtaka aliyekwisha kuwa bora. Hapa anasomwa huyu wa katikati ya foleni, na msomaji wake ni mtu aliyelipwa ili amsome mpaka mwisho. Ukikaa na vielelezo utajifunza mengi. Utamwona anayeandika kwamba jamii ina umaskini, akaweka nukta, akahamia hoja ya pili kana kwamba umaskini ni salamu. Darasani kwangu huyo ndiye ninayekutana naye kila wiki, pamoja na yule anayemchukua mhusika wa Takadini na kumhamishia ndani ya Watoto wa Mama N'tilie, maana vitabu vyote viwili amevisoma kwenye desa moja la kurasa nane lililotolewa kopi ya kopi.

Kwa hiyo siji kuzibeza taarifa hizi. Lakini zina mambo matatu yanayozizuia zisimfikie yule anayezihitaji kuliko wote.

La kwanza ni lugha yake ya kueleza kosa. Sababu zinazotajwa hujirudia mwaka hadi mwaka: kutoelewa matakwa ya swali, kukosa maarifa ya kutosha juu ya mada, umilisi hafifu wa lugha. Zote zinaweza kuwa kweli, lakini zote zinamweleza mtu, hazielezi maandishi. Mwambie kijana kwamba ana umilisi hafifu naye atakubali, kwa sababu ameshaambiwa hivyo tangu darasa la tano. Hatajua aanze kurekebisha wapi. Mwambie kwamba aya yake ya tatu inarudia ya pili kwa maneno mengine, hapo umempa mahali pa kuweka kidole.

La pili ni kwamba njia haionekani. Mara nyingi jibu zuri huwekwa, na jibu dhaifu huwekwa, kila moja na maelezo yake. Msomaji anaona mlima na anaona shimo. Haoni mtu akipanda. Na wale wa njano, wenye 30 hadi 64, ambao ndani yao wamo wa D na wa C kwa pamoja, mara nyingi hawapati picha yao kabisa. Ninaowafundisha wengi wanatoka huko. Walipata D wakitaka C, nao wanachohitaji kuona ni jinsi insha ya 38 inavyogeuka kuwa insha ya 48.

La tatu ndilo zito zaidi, na si kosa la mwandishi wa taarifa. Karatasi ya mtihani hairudi. Kijana huandika insha ambayo huenda ikawa ndiyo yenye uzito kuliko zote atakazoandika maishani, anaikabidhi kwa msimamizi mwezi wa Novemba, na hataiona tena. Januari anapokea herufi. Miezi ya baadaye kuna taarifa ya taifa zima, ambayo huenda ina aya yake ndani, lakini hana namna ya kuitambua isipokuwa kwa mwandiko. Tunamtaka ajifunze kutokana na maandishi ambayo hana.

Mtu atasema shuleni insha hurudi. Ni kweli, hurudi. Hurudi na 11/20 kwa kalamu nyekundu, na chini yake maneno mawili: ongeza bidii. Silaumu mwalimu. Mwalimu mwenye mikondo 3 ya wanafunzi 80 ana insha 240 kwa zoezi moja, na akitumia dakika 5 tu kwa kila insha hizo ni saa 20, nje ya vipindi. Anayeandika maoni marefu kwenye insha zote hizo ama ni malaika ama ana wanafunzi 15. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anamaliza miaka minne ya sekondari akiwa na uzoefu mkubwa wa kupewa alama, na karibu hana uzoefu wowote wa kuitoa.

Mwaka 1989 mtafiti wa elimu wa Australia, D. Royce Sadler, aliandika makala ambayo walimu wa uandishi duniani bado wanairudia. Hoja yake ni rahisi. Mrejesho peke yake haumwinui mwanafunzi. Lazima awe na picha ya ubora inayokaribiana na ile iliyo kichwani mwa mwalimu. Aweze kuilinganisha na kazi yake wakati kazi bado iko mkononi. Na awe na mbinu za kupunguza pengo analoliona. Ukiisoma hoja hiyo ukiwa Mbagala unaona kwamba kwetu mambo yote matatu yamefungiwa kabati moja. Picha ya ubora iko kwenye mwongozo wa usahihishaji. Ulinganishaji hufanywa na msahihishaji. Na pengo likishaonekana, kazi haiko mkononi tena.

Sisi wa Kiswahili tuna historia yetu katika jambo hili, na ni vizuri tuitazame bila kujisifu. Mwaka 1954 vilitoka vitabu viwili vya kufundisha kuandika. Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha. Majina yenyewe yanatosha kueleza shule mbili za ualimu: mmoja anakupa sheria, mwingine anakupa mfano. Vitabu vyote viwili vilikuwa zawadi kubwa kwa watu ambao hawakuwa na mahali pa kuulizia. Madarasa yetu ya leo bado yanaishi kati ya hivyo viwili: sheria za insha ubaoni, yaani kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho, na kando yake insha ya mfano ya kukariri. Jambo ambalo sheria haiwezi kulitoa, wala kielezo hakiwezi, ni jaribio lililoharibika. Kielezo ni kizuri kwa sababu kimekwisha kusafishwa. Mwanafunzi anayeona vitu vilivyosafishwa tu huamini kwamba waandishi wazuri huandika mara moja, na kwamba kukatakata maneno kwenye daftari ni uchafu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo: kufutafuta ni kuchafua kazi.

Ndiyo maana kitabu cha Shaaban ninachokipenda zaidi kwa kazi hii hakuwa amekiandika kiwe kitabu. Ni Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizohaririwa na Mugyabuso Mulokozi na kutolewa mwaka 2002. Ni barua kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge. Humo, katikati ya habari za nyumbani na za kazi, mwandishi tunayemwekea sanamu anaonekana akiwa na miswada isiyo na uhakika wa kuchapishwa, akiizungumzia kwa mtu anayemwamini. Ukitoka kwenye Kielezo ukaingia kwenye barua unakutana na mtu anayeipima kazi yake wakati bado iko mkononi. Na hakuipima peke yake.

Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu neno kujitathmini linaweza kutupotosha. Lile "ji" la katikati linatufanya tumfikirie mtu mmoja chumbani na kioo. Lakini wahenga walishasema nyani haoni kundule, na wakati wanasema hivyo hawakuwa wanatania. Mtu huazima macho ya wengine kwanza, kisha taratibu yanakuwa yake. Washairi walilijua hili walipokuwa wakijibizana katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Ukituma shairi lenye vina vilivyopinda, kuna mtu wa Tanga au Lindi angeweza kukujibu kwa shairi. Ilikuwa ni elimu ya hadharani, na iliwafunza wasomaji kuhukumu pamoja na watunzi.

Kwa hiyo kituoni tulifanya jaribio dogo. Nilichapa vielelezo kutoka kwenye taarifa za Baraza, vizuri na vibaya, nikakata maelezo yote yanayosema kipi ni kipi, nikawagawia. Kazi yao ilikuwa kutoa alama na kueleza.

Mara ya kwanza walisahihisha mwandiko. Mwenye herufi nzuri alipata 15, mwenye herufi za kuku alipata 6. Walisahihisha urefu: aliyejaza kurasa alipendwa. Walipenda pia msamiati mgumu, na zaidi ya yote walipenda aliyeanza na fasili. Ukiulizwa juu ya usafiri, anza kwa kusema usafiri ni kitendo cha kutoka sehemu moja kwenda nyingine, ndipo uaminike. Nilitambua kitu hapo. Hawa hawakuwa watu wasio na vigezo. Walikuwa na vigezo imara kabisa, walivyojijengea kwa miaka mingi wakikisia msahihishaji anataka nini, na hakuna aliyewahi kuwauliza wavitaje.

Tulipovisoma vielelezo kwa sauti mambo yalibadilika. Sikio halioni mwandiko. Insha ya herufi nzuri ilisomwa, na ilipofika katikati dada mmoja akasema, "Madamu, huyu anazunguka tu." Dada huyu ana watoto wawili, anauza chakula Zakhem, na amenizidi umri kwa miaka kadhaa, lakini ndani ya darasa mimi ni madamu na yeye ni mwanafunzi, hatuna ugomvi juu ya hilo. Neno lake likawa kigezo. Wiki zilizofuata tukawa tunaulizana: hapa anakwenda au anazunguka?

Kisha tukahamia kwenye insha zao. Sharti lilikuwa moja. Kabla ya kukusanya, kila mtu aandike mistari mitatu chini ya insha yake: mahali palipo imara zaidi, mahali ambapo angeona aibu pakisomwa kwa sauti, na kitu kimoja ambacho angebadilisha kama angekuwa na nusu saa zaidi. Mimi sikutoa alama mpaka nimesoma mistari hiyo.

Mistari ya wiki ya kwanza ilikuwa ya huruma. Samahani kwa mwandiko. Insha yangu ni nzuri kwa sababu nimejitahidi. Nilikuwa na haraka. Ni lugha ya mtu aliyesimama mbele ya hakimu, anayeomba apunguziwe adhabu. Baada ya wiki tano, yule dada aliandika: "Aya ya pili ukiiondoa hakuna atakayejua." Nilisoma aya ya pili. Alikuwa sahihi, na kalamu yangu nyekundu haikuwa na cha kuongeza.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo suala zima. Swali lilikuwa juu ya matatizo ya usafiri mijini. Kijana mmoja, ambaye mchana ni konda wa daladala kati ya Chamazi na Mbagala Rangi Tatu, aliandika insha safi ya kidesa. Fasili, kisha ajali, kisha msongamano, kisha ubovu wa barabara, kisha lugha chafu za makonda. Chini yake akaandika: "Hoja ya nne nimesema makonda wana lugha chafu. Mimi ni konda. Sijaielezea, nimeiweka kwa sababu ipo kwenye desa."

Alirudi na rasimu ya pili. Haikuwa na fasili. Ilianza saa nane mchana kituoni, wanafunzi wametoka shule na wamejaa mlangoni. Mwanafunzi analipa shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya hapo, na tajiri jioni anataka hesabu ileile bila kuuliza ulibeba nani. Konda anaweka mkono mlangoni. Aliandika kwamba mkono ule anaujua kutoka pande zote mbili, kwa sababu miaka michache iliyopita yeye ndiye aliyekuwa na shati jeupe na nauli ya 200, akichelewa kipindi cha kwanza.

Hapa mtu wa fasihi hushawishika kusimama na kupiga makofi. Lakini insha ile isingepata alama nzuri kwenye mtihani, na mwenyewe alilijua hilo kabla yangu. Mistari yake mitatu ilisema kwamba mwanzo ndio imara kuliko vyote. Kwamba hakuna hitimisho. Na kwamba swali linataka hoja nne, yeye anazo mbili, kwa hiyo ataongeza mbili "bila kuharibu hii". Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo ninayoyaita kujitathmini. Amebeba vigezo viwili kwa wakati mmoja: cha Baraza, ambacho kitaamua kama anaingia chuo, na chake, kinachomwambia kwamba ameandika kitu cha kweli kuhusu maisha yake. Hakuchagua kimoja na kutupa kingine. Anajadiliana navyo.

Kuna wanaosema haya ni anasa, kwamba anayerisiti anahitaji nondo za kufaulu, si falsafa. Ninaielewa hofu hiyo. Ada imetafutwa kwa shida na muda haupo. Lakini ukitazama hesabu ya insha 240, anasa ni kumtegemea mwalimu. Msomaji pekee ambaye mwanafunzi wa darasa la watu 80 anaweza kuwa naye kila siku ni yeye mwenyewe na jirani yake wa dawati. Na asipofunzwa sasa, tatizo halimwachi. Ninawaona wenzangu wa uzamili, watu waliofaulu kila mtihani waliopewa, wakiwa na sura ya tasnifu iliyolala kwa msimamizi miezi miwili. Ukiwauliza inaendeleaje wanajibu hawajui, hajaisoma bado. Sura wameiandika wao. Wameisoma mara kumi. Lakini kusema ni nzuri au mbaya wanaona si kazi yao.

Kwa Baraza ningekuwa na pendekezo dogo lisilo na gharama kubwa: kwenye taarifa zijazo, kati ya kijani na nyekundu, wachapishe jibu moja la njano kwa kila swali la insha, na chini yake waandike ni mambo gani mawili yangelivusha. Walimu wangelitumia. Wanaorisiti wangelikata na kulibandika ukutani.

Wangu wameshapanga lao. Mtihani ni Novemba, na karatasi zao nazo hazitarudi. Yule dada ndiye aliyetoa wazo: siku hiyo wakitoka kwenye chumba cha mtihani wapitie kwake Zakhem, wakae, na kila mtu aandike kwenye daftari insha yake kama anavyoikumbuka, pamoja na mistari mitatu, pamoja na alama anazojipa. Daftari zitakaa kwake mpaka Januari. Konda ameuliza kama na chakula kitakuwepo. Ameambiwa kipo, lakini ni cha kulipia.